Mkalimani wa Mlango

Mombasa kuna kazi moja isiyotangazwa gazetini wala kudai cheti, na wanaoifanya huwa wameajiriwa kwa kazi nyingine kabisa. Ni kazi ya ukalimani kati ya watu na vitu. Chukua benki moja ya mjini ambayo nitaihifadhi jina. Mlangoni pana askari mwenye kofia, rungu na kile kifaa kinacholia kikikutana na funguo zako. Barua yake ya ajira, bila shaka, inasema analinda fedha za wateja dhidi ya majambazi. Lakini hebu simama kando umtazame. Jambazi hajaja. Anayekuja ni mama mwenye mkoba, mzee mwenye bakora, kijana mwenye simu sikioni, na wote askari anawaimbia wimbo uleule: "Sukuma, mama. Usivute, sukuma. Eeh, karibu."

Mlango wenyewe ni wa kioo, na una mkono mrefu wa chuma unaong'aa, ndani na nje sawasawa. Mkono wa aina hiyo, popote utakapoukuta, unasema jambo moja tu: nishike univute. Basi unavuta. Mlango hautikisiki. Unavuta tena kwa heshima ya ukoo, na walio nyuma yako wanaanza kukukadiria elimu. Wenye benki wanalijua tatizo, ndiyo maana wamebandika kwenye kioo herufi kubwa: SUKUMA. Bahati mbaya kioo ni kioo. Aliye ndani, ambaye yeye ndiye anayetakiwa kuvuta, anasoma AMUKUS, jina ambalo lingemfaa firauni aliyesahaulika, na akishalifumbua fumbo anasukuma na yeye. Paji langu la uso linaufahamu mlango ule vizuri.

Nataka ieleweke mapema kwamba sikukosea. Nilivuta kilichoomba kuvutwa. Tena nina wakili. Anaitwa Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 1988 alichapisha kitabu kiitwacho The Psychology of Everyday Things, ambacho baadaye kilibadilishwa jina kikawa The Design of Everyday Things. Sehemu ya hasira zilizokizaa kitabu hicho alizipata Cambridge, Uingereza, alikokaa akifanya utafiti huku akipigana na swichi za taa, mabomba ya maji na, naam, milango. Jaladani mwa matoleo ya baadaye kuna buli la kahawa alilolibuni kwa mzaha msanii Mfaransa Jacques Carelman: mdomo na mkono viko upande mmoja, ili anayemimina kahawa ajimiminie mwenyewe. Hoja ya Norman ni kwamba mlango unaohitaji maandishi umeshafeli mtihani. Upande wa kusukuma uwekwe bamba bapa lisiloshikika, upande wa kuvuta uwekwe mkono, na askari arudi kwa majambazi wake. Shukrani aliyoipata kwa maneno hayo ni kwamba milango mibovu ya dunia nzima sasa inaitwa milango ya Norman. Mtu umtetee ndugu yako mahakamani, halafu kesi ipewe jina lako.

Ukitaka kujua anachokisema, usiende mbali, nenda jikoni. Hakuna aliyewahi kubandika maandishi kwenye mbuzi ya nazi. Kibao kinakuonyesha pa kukaa, ulimi wa chuma wenye meno unakuonyesha pa kupeleka nazi, na ukikaa kinyume utapata jibu papo hapo bila kusubiri SMS. Wataalamu wa mahusiano ya watu na kompyuta wameandika vitabu vizito juu ya sifa hizo mbili, ya kitu kujieleza na ya kitu kukujibu. Laiti wangepelekewa mbuzi mapema.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta za mezani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za Kimarekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, ndege imeshagusa ardhi na inakimbia kwenye njia yake, halafu ghafla wanakunja magurudumu. Ndege inalalia tumbo. Wakubwa wanaandika kwenye ripoti: kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alipopewa kulichunguza jambo hilo, aliona heri aingie kwenye chumba cha rubani kabla ya kuingia kwenye kichwa cha rubani. Akakuta vidhibiti viwili vinavyofanana vimekaa kando kwa kando: kimoja cha magurudumu, kingine cha vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Mtu ametoka kupigwa mizinga mchana kutwa, unamtaka asome vibandiko. Chapanis alishauri kidhibiti cha magurudumu kiwekewe kigurudumu cha mpira, na kile cha bawa kiwe na umbo la kabari, ili mkono ujue ulichoshika hata macho yakiwa kwingine. Mpaka leo mpini wa magurudumu kwenye ndege za abiria una kichwa chenye umbo la gurudumu.

Nyumba ninayopanga haijafikiwa na Chapanis. Kwenye ukumbi kuna swichi nne zimejipanga mstari mmoja, nyeupe, pacha wa pacha. Moja ya taa ya ngazi, moja ya taa ya nje, moja ya pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu. Ya nne haijulikani inaendesha nini. Jirani wa chini aliwahi kulalamika kwamba taa yake ya chooni inamkonyeza, lakini hilo tuliache. Tatizo ni wageni, hasa wale wenye adabu. Mgeni asiye na adabu anaondoka akiacha taa inawaka, nasi tunalala salama. Mgeni mwenye adabu anasema, "Ngoja niwazimieni," anabonyeza, anashuka ngazi zinazong'aa kwa mwanga, na asubuhi tangi limekauka. Katika mji ambao maji ya bomba huja yanapojisikia, huyo amekuvunjia nyumba kwa nia njema kabisa. Mwenye nyumba alikuja na utepe mwekundu, akaandika USIGUSE, na tangu hapo watoto wote wa jengo wameigusa. Sasa mdogo wangu ndiye anayesimama pale wageni wakiaga. "Acha ami, nitazima mimi." Mkalimani mwingine huyo, na halipwi.

Lakini bingwa wa nyumba nzima ni mita ya stima. Stima ya kulipia kabla huisha usiku, ndiyo desturi yake. Unainunua kwa simu, unaletewa namba ya tarakimu 20, mfumo uliozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na kuenea nchi nyingi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala mashuhuri akisema kichwa cha mtu hubeba kwa muda mfupi vitu kama saba hivi, pengine viwili zaidi, pengine viwili pungufu. Kwa hesabu hiyo tarakimu 20 zinataka watu watatu. Na kweli kwetu huwa watatu, kwa sababu ambayo Miller hakuifikiria: namba ziko kwenye simu, na tochi iko kwenye simu ileile. Ukimulika mita huoni namba, ukisoma namba huoni vibonye. Kampuni ya Nokia ilipotia tochi kwenye simu yake ya 1100 mwaka 2003, ilionyesha kwamba inawajua watu wa gizani. Haikujua tu kwamba siku moja giza lenyewe litakuwa na namba ya siri. Basi mmoja anasoma, mmoja anamulika kwa simu ya pili, na wa tatu, ambaye ni shangazi yangu, anabonyeza.

Kabla ya hapo lakini kuna kungoja. Fedha imeshatoka, na kwenye skrini pameandikwa kwamba ombi lako limepokelewa. Limepokelewa na nani, na amelipeleka wapi, huambiwi. Watu wa fani hii wana kisa cha kutisha kuhusu ujumbe wa namna hiyo. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, vali ya kupunguzia shinikizo ilikwama ikiwa wazi. Kwenye chumba cha udhibiti kulikuwa na taa ya vali hiyo, na taa ikaashiria kuwa mambo sawa. Kumbe taa ile ilikuwa ikieleza kwamba amri ya kufunga vali imetumwa. Kama vali imeitii, hilo halikuwa shauri lake. Kwa zaidi ya saa mbili wahudumu waliamini imefungwa, huku maji ya kupozea mtambo yakivuja na kengele zaidi ya mia moja zikilia kwa pamoja. Mimi ninapokaa gizani na ombi langu lililopokelewa, mwenzenu naifikiria ile vali.

Namba zikifika, shughuli inaanza. "Nne, saba, saba…" "Saba ngapi?" "Saba mbili." "Nishabonyeza saba na mbili." Dirisha la mita ni dogo, tarakimu za mwanzo zinasukumwa nje wakati za mwisho zinaingia, kwa hiyo huwezi kuikagua kazi yako. Ukimaliza, mita inawaza, halafu inakataa. Haisemi imekataa nini. Tarakimu ya tatu? Ya kumi na saba? Mita yenyewe siyo? Hapo ndipo ninaposikia maneno yanayoniudhi kuliko giza. Shangazi anaigeukia ile mita na kuiambia, "Samahani." Halafu ananigeukia mimi: "Ni vidole vyangu, mwanangu. Mambo haya siyawezi."

Shangazi huyu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kukubali udhuru wa mwanafunzi hata mmoja. Kuna wanaume wazima wenye maduka Biashara Street ambao wakimwona mpaka leo wanaficha mikono mfukoni. Mtu wa namna hiyo, akikataliwa na kisanduku cha plastiki, anajihukumu mwenyewe bila hata kusikiliza upande wa pili. Nimemwona akimwomba radhi mtambo wa kutolea pesa uliommezea kadi. Na si yeye peke yake. Sikiliza foleni yoyote ya mji huu na utasikia watu waliolea watoto, wakajenga nyumba, wakaendesha mashua, wakijiita wajinga kwa sababu ya kitufe.

Wanaojengewa jina zuri kwa aibu hiyo ni wabunifu, na wanaowafichia makosa ni wakalimani. Hospitali moja niendayo ilileta mtambo wa kutoa tiketi za foleni. Unagusa skrini, unachagua huduma, unapata karatasi yako. Huduma zimeandikwa kwa majina ya vitengo kama wanavyoyajua madaktari, na anayeumwa goti hajui goti lake linakaa kitengo gani. Wiki haikupita, pakawekwa kiti kando ya mtambo, na juu ya kiti kijana. Sasa unamwambia kijana unaumwa nini, yeye anagusa, anakupa tiketi. Kwenye ripoti, nina hakika, imeandikwa kwamba mtambo unafanya kazi vizuri sana na wagonjwa wameupokea. Ulinunuliwa ili watu wapungue kwenye dawati, na umeongeza mmoja.

Hili limeshasomewa. Mwaka 2010 Nithya Sambasivan na wenzake walichapisha utafiti kutoka mitaa duni ya Bangalore, India, wakieleza jinsi watu wanavyotumia simu na kompyuta kupitia mikono ya wengine: yupo anayekufanyia, yupo anayekuwezesha, yupo anayekutafsiria. Niliposoma nikasema hawa wamekaa kwetu. Na si jambo baya siku zote. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 haikuja peke yake na menyu yake. Ilikuja na wakala dukani, mtu mwenye uso na jina la baba, na sidhani kama menyu pekee ingetosha kuwashawishi wazee kuikabidhi simu mshahara wa kijana wao. Tofauti ni kwamba wakala alipangwa toka mwanzo. Yule askari wa mlango hakupangwa na mtu.

Mfalme wa wakalimani wote ni kijana wa saiba. Shangazi alitakiwa kujaza fomu ya ofisi fulani mtandaoni. Alizaliwa mwaka 1951. Kalenda ya fomu ilifunguka kwenye mwezi tuliomo, na pembeni mshale mdogo wa kurudi nyuma, mwezi mmoja kila ukibonyeza. Hesabu aliipiga kichwani papo hapo, ndiyo fani yake: mibonyezo zaidi ya 800. Alikuwa ameshafika enzi za Rais Moi nilipomwokoa na kumpeleka saiba. Kijana hakuketi hata vizuri. Aliugusa mwaka ulioandikwa juu ya kalenda, maandishi ambayo hayakuonyesha kwa namna yoyote kwamba yanagusika, na miaka yote ikamwagika kama orodha. Alijuaje? Alionyeshwa na mwenzake. Kwenye benchi nyuma yetu mteja mwingine alikuwa akibishana na fomu hiyohiyo iliyokuwa imelikataa jina lake kwa kuwa lina kile kialama cha ng'. Yaani hata Lupita Nyong'o, na Oscar yake ya 2014, angeambiwa jina lake si sahihi. Kijana akafuta kialama, akatoza ada yake, akaita "Anayefuata!" Na mwenye fomu, huko aliko, hakupata habari.

Mpwa wangu anasomea kompyuta chuo kikuu, na likizo iliyopita alikuja na programu ya simu aliyoitengeneza kwa ajili ya vyama vya kuweka akiba. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani, kwa hiyo akachaguliwa kuwa wa kujaribiwa nayo. Darasani walikuwa wamefundishwa maneno ya Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba huhitaji umati. Watumiaji watano wakijaribu mbele yako watakufichulia sehemu kubwa ya matatizo. Sharti ni moja: ukae kimya. Huyo anayejaribu aseme kwa sauti anachoona na anachofikiri, wewe mbunifu ufunge mdomo. Alileta mtu mmoja badala ya watano, ila kwa ninavyomjua mtu mwenyewe, idadi ilitosha.

"Bibi, utakuwa unaniambia unachofikiri. Mimi sitasema kitu."

"Kwa nini husemi kitu? Umekasirika?"

"Hapana, ndiyo kanuni ya jaribio."

"Kanuni gani hiyo ya kumwacha mtu mzima ahangaike nawe unamtazama?"

Wakaanza. Juu kushoto kulikuwa na ile mistari mitatu iliyolazana, ambayo kila kijana anajua ni menyu. Aliyeichora ni Norm Cox, kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na nadhani ndiyo mistari mitatu iliyosambaa kuliko yote duniani. Shangazi aliitazama kwa muda. "Hizi ngazi zinapanda wapi?" Mpwa wangu akang'ata mdomo. Akaja kwenye kitufe cha kuhifadhi, chenye picha ya diski ya zamani, kifaa ambacho mpwa wangu mwenyewe hajawahi kukishika. "Na hiki kikabati?" Kimya. Nilimhurumia kijana. Kumfanya mtu wa Mombasa anyamaze wakati mkubwa wake anapotea njia ni kumfundisha utovu wa adabu kwa jina la sayansi. Mara tatu alivuta pumzi kama anayetaka kuzungumza, mara tatu akaimeza.

Halafu shangazi akagusa kitufe kilichopakana na kile kikabati, kilichofanana nacho kwa ukubwa na rangi, na michango yote ya mfano ya wanachama wote ikafutika, bila swali, bila onyo, bila njia ya kurudi.

"Bibi, hapana!"

"Samah…" akaanza shangazi, halafu akasita. Miezi yote niliyomsimulia habari za Chapanis nilidhani anasinzia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani. "Nani aliyeweka cha kufuta ubavuni mwa cha kuhifadhi?"

"Mimi, bibi."

"Wewe ndiye uliyewaangusha wale marubani wa mjomba wako."

Mpwa wangu alijitetea kama wanavyojitetea wote. Alisema watumiaji watazoea. Alisema kila chama kinaweza kuteua kijana mmoja wa kuwaelekeza wenzake, apewe hata mafunzo kidogo. Nikamwona yule askari akivalishwa kofia nyingine. Shangazi hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa masharti: hakuna kijana wa kuwaelekeza. Kwenye kila ukurasa wa programu iwekwe namba ya simu ya kupiga ukikwama, na namba hiyo iwe ya aliyeitengeneza.

Kijana alicheka. Shangazi hakucheka. Namba ikawekwa, programu ikapewa vyama viwili vitatu vya kuanzia, kimoja cha mtaani kwetu, kingine cha wavuvi huko Malindi. Simu zilianza siku hiyohiyo, na hazikuchagua saa. Alipigiwa akiwa msikitini, akiwa kwenye mtihani, akiwa kwenye matatu amesimama mguu mmoja. Walitaka kujua ngazi zinapanda wapi. Kwa mara ya kwanza kila aliyekwama alimkwaza mwenye kosa. Kabla ya mwezi kwisha ile mistari mitatu ilikuwa imegeuka neno lililoandikwa "Menyu", kikabati kimeandikwa "Hifadhi", na kitufe cha kufuta kimehamishiwa chini kabisa, kikauliza kwanza kama una hakika, na kwa saa 24 kinakubali kurudisha ulichofuta.

Sasa simu zimekauka, isipokuwa za mzee mmoja wa Malindi anayepiga kila Ijumaa alasiri. Programu haimsumbui hata kidogo, anaijua kuliko mwenyewe aliyeitengeneza. Anasema tu kwamba katika mashirika yote yenye namba ya huduma kwa wateja, hili ndilo pekee linalopokea simu, na wiki iliyopita aliuliza kama wanashughulikia pia bei ya nguru.